Anayemaliza Ndiye Anayeita

Furaha na Zawadi,

Watu wa sokoni wanacheka nikisema nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu na meno yangu yote. Lakini nimekaa misimu kumi na tatu nyuma ya meza ya vitabu vya shule hapa Kasongo, na sasa mama yangu kule Kabambare hawezi tena kulima peke yake, kwa hiyo ninawaachia ninyi wawili meza. Ninaandika kwa sababu nikieleza kwa mdomo ninaruka mambo, halafu ninarudi kuyasahihisha mpaka msikilizaji anachoka. Ukurasa huu wenyewe nimeuanza upya mara nne. Ni bora mjue tangu mwanzo kwamba anayewafundisha ni mtu mwoga.

Ni lini nilipewa ufunguo wa duka, na ni lini niliacha kufagia, hayo hayatawasaidia. Litakalowasaidia ni mulongo, ile foleni ya wanunuzi. Vitabu mtavizoea kwa wiki moja. Mulongo mimi ulinichukua miaka, na katikati niliuharibu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na Kifaransa changu chote nilikipata baadaye, hapo hapo mezani, nikisoma vitabu vya watoto kuanzia darasa la kwanza. Siku ya kwanza mwenye duka alinikabidhi kwa Mama Aziza, mwanamke wa mjini, mwembamba, mwenye kutafuna tangawizi kavu tangu asubuhi mpaka jioni. Aliniambia nipange vitabu kwa madarasa na nivihesabu. Nilivihesabu mara tatu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama. Nimehesabu mara tatu."

"Na vimezaa?"

"Hapana, Mama."

"Siku vikizaa uniambie."

Halafu akanipa vyombo vya kazi, na ndivyo hivyo ninavyowaachia: kisu cha kukatia kamba za mizigo, kitambaa kikavu cha kupangusa majalada wakati wa mvua, bashi, turubai la kufunika meza, rula ya mbao, na wembe. Wembe ni wa kupasulia kurasa ambazo kiwandani zilisahauliwa bila kukatwa. Muufunge kwenye karatasi. Kidole changu cha shahada kina alama mbili za kosa hilo.

Mwishoni mwa Agosti mizigo ilikuwa imefika kutoka Bukavu, nusu ya njia kwa lori na nusu kwa kinga, baiskeli zetu za mizigo, ikisukumwa na vijana waliokonda kwa safari. Nikafungua mlango nikitazamia mulongo, kama ule tuliokuwa tukipanga shuleni kabla ya kuimba. Sikuuona. Niliona watu wametapakaa. Wengine walikaa kwenye ngazi ya fundi cherehani jirani yetu, wengine juu ya bidoni tupu za mafuta, mwanamume mmoja alikuwa akimenya muwa katikati ya njia, na akina mama watatu walikuwa upande wa pili kabisa, wakibishana juu ya bei ya chumvi. Nilifikiri hakuna aliyekuja kununua.

Akaja mwanamke na mtoto mgongoni. Hakututazama sisi. Akauliza hewani:

"Mwisho ni nani?"

Yule wa muwa akainua kisu chake. "Miye."

"Uko unatafuta gani?"

"Ya darasa ya ine. Ya mutoto muke."

"Miye niko nyuma yako. Ya pili na ya tano. Naitwa Mama Bora."

"Sawa, Mama Bora. Usipotee mbali."

Naye akaenda zake kununua chumvi. Niligeuka kumtazama Mama Aziza, labda mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Mulongo ya huku haisimame kwa miguu," alisema. "Inasimama kwa midomo."

Alinieleza baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kueleza jambo lote mara moja. Mtu akifika, anauliza mwisho ni nani. Anamwambia yule wa mwisho jina lake na kitabu anachotafuta, kwa sauti, na yule wa mwisho anakuwa shahidi wake. Kuanzia hapo yuko huru kwenda kuswali, kunyonyesha, kuziba tairi, kulala. Zamu yake ikifika, si muuza vitabu anayemwita. Anayemwita ni yule aliyekuwa mbele yake. Anayemaliza ndiye anayeita. Hata kama umeshapata vitabu vyako na pikipiki inakungoja imewashwa, huondoki mezani mpaka umemleta mtu wako na kusema, "Huyu ndiye wangu." Na kama umechukua kitabu cha mwisho, wewe mwenyewe unamtazama usoni mtu wako na kumwambia.

Hilo la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote, ingawa lilinitia hofu. Niliwahi kuona mwalimu mzima, mwenye shati la kupigwa pasi, akizunguka soko lote akitafuta bibi mmoja mkulima ili tu amwambie kwamba vitabu vya darasa la tatu vimeisha mikononi mwake. Alimkuta akiuza mihogo. Alimwambia, wakazungumza, wakapatana watoto wasome pamoja siku za Jumamosi, kwa kuwa kumbe nyumba zao zilitenganishwa na kijito tu. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kwenda nyumbani.

Kesi ngumu zilikuwepo. Watu wa Salamabila walikuwa wakija kwa pikipiki, wekundu kwa vumbi, wenye haraka ya mtu anayeamini kwamba mwenzake anamchimbia shimo lake la dhahabu akiwa hayupo. Mmoja alishuka mbele ya meza bila kumsalimia mtu.

"Dada, weka jina yangu huko juu."

"Huku hakuna juu," Mama Aziza alimjibu. "Kuko nyuma tu. Uliza nyuma ya nani."

"Miye siko na wakati."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kifurushi chake, wala hakuinua kichwa, akasema, "Mujukuu wangu, ile dhahabu ilikungojea chini ya udongo tangu babu zetu. Na wewe ngoja kidogo."

Watu walicheka, naye akacheka, akauliza mwisho ni nani. Alipomaliza alimwita mtu wake kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka mtoni. Alirudi msimu baada ya msimu, na sikumwona tena akikosea. Ninawaambia hili ili msiwaogope watu wakali. Mulongo unawafundisha wenyewe, ninyi mkae kimya.

Kukaa kimya ndiko kulikonishinda. Kichwa changu hakitulii mpaka kitu kiwe kimenyooka. Nilikuwa nikitazama wale watu waliotapakaa na kuwaza: Je, shahidi akisahau? Je, wawili wakisema wako nyuma ya mtu mmoja? Miaka yote ile niliwaza hivyo, na miaka yote ile haikutokea zaidi ya mara moja au mbili, na watu waliitatua wenyewe kabla sijamaliza kutoka jasho.

Kisha ulifika msimu ambao masomo ya msingi yalikuwa ya bure, watoto wakajaa madarasani, na wazazi wakajaa kwetu. Mwaka huo huo binti ya Mama Aziza alikuwa karibu kujifungua kule Kindu, naye akasafiri. Aliniachia meza. Wiki hiyo hiyo akapita mkuu mmoja wa shule, mtu mpole, akasimama mlangoni akitazama watu waliokuwa wamelala, wanaokula na wanaopiga soga.

"Dada Riziki," aliniuliza, "hii iko mulongo ao iko matanga?"

Alitania tu. Mimi nililibeba neno lile kwa siku mbili. Jumapili mchana nilichukua kartoni za vitabu, rula na wembe, nikakata vipande sitini vya namba. Vyote vilikuwa na upana mmoja. Vilivyopinda nilivitupa, kwa hiyo kwa kweli nilikata karibu mia. Niliandika namba kwa kalamu nyekundu na kuzirudia kwa nyeusi pembeni. Nakiri kwamba nilivipanga mezani na kuvitazama kwa furaha kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote cha mikono yangu.

Jumatatu niligawa namba. Watu walizipokea bila kubisha, wakafikiri ni amri ya wakubwa. Na walisimama. Mulongo ulinyooka kutoka mezani mpaka mlangoni kwa fundi cherehani. Hakuna aliyeuliza mwisho ni nani, kwa sababu kipande cha kartoni kilishamjibu. Hakuna aliyetaja jina wala darasa. Ilikuwa kimya sana. Mimi nikaona kimya kile ni utaratibu.

Asubuhi ile tulikuwa na vitabu vichache vya darasa la sita, vile vya kujiandaa na mtihani wa mwisho: hesabu nusu ya mbele, Kifaransa na maarifa nusu ya nyuma. Bila kitabu hicho mtoto anaingia kwenye mtihani kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Mzigo mwingine haungekuja kabla ya mvua kufunga njia, na mvua ikishafunga njia ni mpaka mwaka unaofuata.

Adhuhuri niliita thelathini na saba. Hakuna aliyejibu. Niliita tena. Mara ya tatu niliita kwa sauti kubwa, kwa kuwa nilikuwa nimejiandikia kanuni kwamba ni mara tatu, halafu nikaita thelathini na nane. Akaja mwanamke mwenye beseni la samaki wakavu kichwani, akataka kitabu cha darasa la sita. Kilikuwa kimebaki kimoja. Akakichukua, akaenda.

Muda mfupi baadaye akaja mwanamume wa makamo akisukuma kinga, maji ya udhu bado yanang'aa kwenye mikono yake. Akanipa kipande chake kwa mikono miwili, kwa heshima, kama vile nilikuwa nimempa kitu cha thamani. Thelathini na saba.

"Nilienda kuswali, binti. Natafuta ya darasa ya sita. Moja tu."

Nilimwambia vimeisha. Nilimwambia nilimwita mara tatu. Nilisema yote haya haraka, na kanuni yangu ilisikika ya kijinga nilipokuwa nikiisema.

Hakufoka. Aliegemeza kinga ukutani, akaketi kwenye ngazi, akavua kofia. Aliitwa Baba Amisi, mkulima kutoka kijiji kilicho mbele ya Lusangi, siku tatu kwa kinga. Kamati ya wazazi ndiyo iliyomtuma. Kitabu hakikuwa cha mtoto mmoja. Mwalimu wao hakuwa nacho. Alitakiwa kukiandika ubaoni, somo baada ya somo, na watoto arobaini na zaidi wa darasa la sita wakinakili kwenye kaye zao.

"Walisema nisirudi mikono mitupu," alisema. "Sasa nawaza nipitie njia gani nisikutane na watoto."

Mwanamke aliyekuwa na namba thelathini na sita alikuwa bado yupo, akifunga vitabu vyake kwenye kitenge. Mkulima, mtu wa umri wa mama yangu.

"Miye nilimuona akienda kuswali," alisema. "Alikuwa nyuma yangu."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Haukuniuliza, mutoto yangu. Wewe uliita namba."

Nimeandika maneno haya kama alivyoyasema. Hakuyasema kwa ubaya. Nilitaka ardhi ipasuke. Watu wengine hukosea kwa uvivu. Mimi nilikosea kwa bidii, kwa rula, kwa wino wa rangi mbili.

Niliwaambia waliobaki waulizane wenyewe nani yuko nyuma ya nani, nikafunga bashi, nikatoka mbio. Nilitafuta mtu ambaye sikumjua jina, wala mtaa, wala mtoto. Nilijua namba yake, na hiyo ilikuwa mfukoni mwangu, haina msaada wowote. Nilijua tu beseni la samaki. Basi nikaingia upande wa wauza samaki, nikapita kwa kila mmoja nikitazama nyuso, mpaka wakaanza kunitania.

"Dada, samaki unachagua kwa macho ya muuzaji?"

Nilimkuta mwisho wa safu, kwenye samaki waliotoka Nyangwe. Aliitwa Mama Chantal. Kitabu kilikuwa juu ya paja lake, na tayari alikuwa akikivisha jalada la karatasi ya mfuko wa sementi, akikunja pembe kwa uangalifu ambao ungenifurahisha siku nyingine. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nitoe kitabu ya mutoto yangu juu ya kosa yako."

"Hapana, Mama. Ndiyo. Sijui ninachotaka."

"Mutoto yangu alianguka mutihani mwaka jana. Kifaransa. Unajua mutoto mukubwa akirudia darasa anavyochekwa?"

"Najua, Mama." Nilijua kweli. Hiyo ndiyo sababu mimi mwenyewe niliacha shule, na nikamwambia.

Alikunja pembe nyingine. "Yule baba alikuwa mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa ameenda kuswali, haikuwa kuzurura?"

"Alikuwa ameenda kuswali."

"Na miye nikapita juu yake kama mutu mwenye kuruka mufereji." Akamwomba jirani yake amtazamie samaki, akasimama na kitabu. "Twende. Lakini sikupi neno. Naenda kumuona tu."

Tulimkuta Baba Amisi pale pale kwenye ngazi. Mama Chantal alisimama mbele yake, akakunja magoti kidogo kama inavyompasa mwanamke wa hapa kwa mtu aliyemzidi umri.

"Baba, jambo. Miye ndiye nilikupita."

"Jambo, mama. Haukunipita. Waliniita sikuwepo."

"Nilipaswa kuuliza mwenye iko mbele yangu ni nani. Nimezaliwa hapa, najua. Nilikuwa na kile kipande mukononi, nikaona basi."

Akamweleza habari ya mwanawe. Naye akamweleza habari ya watoto wa kijiji. Walizungumza kama watu wanaopanga mazishi, bila haraka, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Mimi nilisimama pembeni. Nilifikiri mmoja lazima ashinde na mmoja ashindwe, na nilikuwa nikisali asiwepo wa kushindwa, sala ambayo haina akili.

Baba Amisi akaomba kukishika kitabu. Akakifungua katikati.

"Mwalimu wetu anaandika pole pole," alisema. "Chaki nayo ya kuhesabu. Hii hesabu yenyewe hataimaliza kabla ya Noeli."

Mama Chantal alimtazama. "Na yangu ni Kifaransa ndiyo inamusumbua. Hesabu anajua."

Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Binti," Baba Amisi aliniuliza, "hii mgongo inaweza kukatwa?"

Mnajua ninavyovishika vitabu. Mnajua ninavyowaambia watoto wasivikunje. Nilisema ndiyo kwa sauti ambayo sikuitambua. Nikauchukua wembe, nikakifungua kitabu mahali hesabu inapoisha, nikaweka rula, nikaiondoa, nikaiweka tena. Mama Chantal akasema, "Ni miye ndiye mwenye kitabu, na miye sitetemeki." Nikakata. Gundi ililia. Nikatoboa matundu kwa sindano ya fundi cherehani, nikashona kila nusu kwa uzi wa wavu wa samaki alioutoa Mama Chantal, na kila nusu ikapata jalada la karatasi ya sementi. Baba Amisi alichukua hesabu. Mama Chantal alichukua Kifaransa na maarifa. Walipatana kubadilishana hapa mezani baada ya Noeli. Niliwauliza mara mbili kama niandike mahali. Walinitazama kwa huruma.

Mama Aziza alirudi kutoka Kindu akiwa amekuwa bibi. Nilimwambia yote kabla hajakaa, pamoja na mambo ambayo asingeyajua kama nisingeyasema.

"Huyo baba ulimuita kwa jina gani?"

"Sikujua jina yake, Mama."

"Njo pale," alisema, yaani hapo ndipo kosa lilipo. Ndilo karipio lote nililopata. Vipande vya namba aliwashia moto wa babula, jiko letu la makaa, tukapikia chai. Vilikuwa vikavu na sawasawa, viliwaka vizuri sana.

Tangu asubuhi iliyofuata watu walitapakaa tena, na mimi nilijifunza kazi yangu halisi, nayo ni ndogo: mtu anapoketi pembeni bila kuuliza, umuulize wewe, "Uko nyuma ya nani?" Basi. Wenye haya, wageni, na wale wasiojua Kiswahili vizuri wanaozungumza Kibangubangu tu, hao ndio wenu. Waliobaki wanajiweza.

Baada ya Noeli nilihesabu siku. Njia ilikuwa mbaya, na nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya yote: kinga imeanguka mtoni, mchwa, mbuzi. Baba Amisi alifika na tope mpaka magotini. Nusu yake ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya shati kuukuu. Nilimtuma mtu kwa Mama Chantal, tukakifungua pamoja. Watoto arobaini na zaidi, na hakukuwa na doa. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akikigusa, alisema, na alikuwa akinawa kwanza.

Mama Chantal alikuwa ameshika nusu yake nyuma ya mgongo. Aliitoa polepole. Kifaransa kilikuwa salama, lakini kwenye maarifa, ukurasa wa ramani ya nchi, mwanawe alikuwa amemwagia mawese. Upande wote wa mashariki ulikuwa na rangi ya machungwa, na Maniema, jimbo letu, haikuonekana kabisa.

"Baba, naona haya," alisema. "Mutoto mumoja, na ameharibu kuliko wenu wote."

Baba Amisi alikisogeza kitabu kwenye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta nyumba yake.

"Haiko kitu," alisema. "Maniema tunaijua. Zile zingine ziko safi."

Mwezi wa nane alirudi tena, na orodha mpya ya kamati na nusu yake ya kitabu. Mama Chantal naye alikuja, ingawa mwanawe alikuwa amefaulu na hakuhitaji kitabu. Alikuja kuleta nusu yake ya hesabu, ili kule kijijini wapate kitabu kizima. Nikamuuliza Baba Amisi watoto wa kijiji walifanyaje. Akasema wengi walifaulu, kuliko miaka yote anayoikumbuka. Walioanguka walikuwa wachache.

"Mumoja ni binti yangu," aliongeza. "Atarudia. Alisema hakuona vizuri ubao, na kuomba kukaa mbele aliona haya, juu baba yake ndiye alileta kitabu."

Siku ile ya namba alizungumza nasi mchana kutwa juu ya watoto wa kijiji, na hakuwahi kusema kwamba mmoja wao ni wake. Mama Chantal alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Nikachukua nusu mbili nikaziunganisha. Nilitoboa, nikashona kwa ule uzi wa wavu, na kwa kuwa karatasi zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa mwaka mzima, mshono ulipinda. Ulianza vizuri juu, ukaenda mrama chini, na pembe za kurasa hazikulingana. Nikaushika wembe nifumue nianze upya.

Baba Amisi alinyoosha mkono, akakitoa kitabu kwenye vidole vyangu.

"Wacha, binti. Kinafunguka?"

"Kinafunguka, Baba, lakini—"

"Basi."

Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia ndani ya shati kifuani, akaingia sokoni kumtafuta mtu wake, mkulima mmoja wa Lusangi aliyekuwa nyuma yake, amwambie kwamba zamu yake imefika.